Ukuta wa Mchanganyiko wa Saba

Jirani yangu Kyakimwa alikufa saa tatu asubuhi, ameshika sufuria. Risasi ilipenya mbao za jiko lake, ikampita na yeye, ikatokea upande wa pili na kuua mbuzi. Ilikuwa Butembo, mashariki mwa Kongo, mwaka 2000. Askari waliotawala mji wakati ule walikuwa wakiwasaka wanamgambo wa Mai-Mai katikati ya nyumba zetu. Waliowahi walikimbilia kwetu, maana nyumba yetu ilikuwa ya udongo, na ukuta wake ulikuwa mnene kuliko mkono wangu kutoka kiwiko hadi ncha za vidole.

Tulilala sakafuni watu kumi na wanne. Risasi zilipiga ukuta kwa sauti ya ngumi kwenye gunia la maharagwe. Vumbi lilitudondokea shingoni. Hakuna iliyoingia.

Nyumba hiyo aliijenga mume wangu, Melchior Kahongya. Naandika habari zake kwa sababu midomo ya watu imeziandika vibaya.

Alizaliwa Musienene, akasoma ufundi kwa mapadri, akajenga kwa saruji na matofali ya kuchoma kama mafundi wote, mpaka alipochoka kuona vilima vikinyolewa miti kwa ajili ya tanuru. Alisema nyumba zake za Butembo zilikuwa baridi kama kisima, na zile alizojenga Beni, kwenye joto, ziliwapika wenyewe. Basi akaanza kujaribu. Alichanganya udongo wa bondeni, mchanga, majani makavu, majivu, kinyesi cha ng'ombe na maji ya shina la mgomba. Kila mchanganyiko aliufinyanga donge la ukubwa wa kichwa cha mtoto, akaliandika namba kwa makaa na kuliacha nje linyeshewe. La kwanza liliyeyuka kwa wiki moja. La saba lilishinda misimu miwili ya mvua.

Kwa mchanganyiko wa saba alishindilia kuta zetu, tabaka kwa tabaka. Ukuta wa magharibi ulikunywa jua la alasiri, na tulipokwenda kulala ulikuwa bado na joto kama ubavu wa ng'ombe. Chini ya mabati ya paa alitandika matete, mvua isitupigie kelele. Watu walicheka. Kyakimwa ndiye aliyecheka zaidi.

"Mama Léa, bwana yako anajenga kichuguu! Siku moja utazala muchwa!"

"Mama Kyakimwa," Melchior alimjibu toka juu ya ngazi, "muchwa haziombake makala ya moto kwa jirani kila jioni."

Alicheka hata kwa hilo. Jiko lake lilikuwa hatua kumi kutoka mlango wetu.

Siku ile ya risasi, milio ilipokoma, askari waliingia. Kamanda wao aliuzunguka ukuta akitia kidole katika matundu.

"Masasi yote hii imeenda wapi? Juu ya nini hapana mutu alikufa humu?"

Kisha akaona madonge yamepangwa chini ya ukingo wa paa, yana namba.

"Na hizi?"

"Ni majaribio, komanda," Melchior alisema. "Hii ya tatu ilipasuka, nilitia majivu kidogo. Hii ya saba, maji ya mugomba inashika udongo, donc mvua haiwezi..."

Ndivyo alivyokuwa. Bunduki ilikuwa kifuani mwake, naye alieleza kama anavyowaeleza wanafunzi wake wa ujenzi. Askari mmoja alirudi nyuma.

"Nkisi! Eza nkisi ya ba Mai-Mai!"

Wote tulijua habari ya nkisi, dawa ile ya vita. Mai-Mai walijimwagia maji ya waganga wao, na ilisemwa kwamba risasi ikimgusa mtu wa dawa hugeuka maji. Sasa askari waliamini kwamba dawa hiyo imekandwa ndani ya ukuta wangu.

Walimlaza kifudifudi. Walimvunja vidole vya mkono wa kulia, kimoja kimoja, kwa kitako cha bunduki, wakitumia donge la saba kama fuawe. Walimpiga mbavuni hadi akatema damu. Mengine waliyofanya nyumbani mwangu siku hiyo hayamhusu mtu.

"Papa," kamanda alisema kwa upole, "taja tu jina ya docteur mwenye alitia dawa. Jina moja. Kisha uende."

Nilimwambia kwa Kinande, lugha yetu ambayo hawakuielewa, ataje jina la marehemu yeyote.

"Anne-Marie," alinijibu kwa lugha hiyo hiyo, "kesho batachoma watoto ya ule marehemu." Akamgeukia kamanda. "Hapana docteur. Ni udongo. Nilipima mi mwenyewe."

Walimsimamisha kwenye ukuta wake, wakampiga risasi mbili za kifua.

Kuna wanaosema alilia na kuomba. Hakuomba. Nilikuwa hatua tatu kutoka kwake.

Hawakuwa askari waliolichafua jina lake. Ni wale wale waliolala sakafuni kwangu. Matanga hayajaisha, walianza kunong'ona: dawa ilikuwepo kweli, iliokoa wageni ikamkataa mwenyewe, kwa sababu alivunja masharti. Kisimani, sokoni, mlangoni pa kanisa. Nilinyamaza miaka miwili.

Kisha mtoto wa Zacharie Lusenge wa Musienene akataka kumwoa binti yetu Léa. Zacharie alikuja na koti lake la Jumapili, akaketi ukingoni mwa kiti kama kiti kina moto.

"Mama, siye tuko batu ya kanisa. Banasema nyumba yako iko na dawa ndani. Hatuwezi kuoa muke mu nyumba ya dawa."

"Léa," niliita, "leta sururu."

Nilimpa Zacharie mkononi. "Kata, Baba. Chagua mahali wewe mwenyewe."

"Mais Mama, nyumba itaanguka!"

"Ikianguka, mtakuwa mmesema kweli."

Majirani walijaa uani. Sururu iliruka mara ya kwanza, ikaruka ya pili. Alivua koti. Alipofika kina cha kiganja, chuma kiligonga chuma, akaruka nyuma na watu wote wakaruka naye. Nikaingiza mkono. Nilitoa risasi moja iliyopinda, kisha nyingine, hadi kumi na moja. Aliendelea kukata mpaka mwanga ukatokea upande wa pili. Hapakuwa na mfupa, ngozi wala chupa ya mganga. Majani yalikuwa bado ya manjano.

"Dawa hugeuza risasi kuwa maji," nikamwambia. Nikamjazia kiganja risasi. "Haya, kunywa."

Nikachagua mbili kwa kidole.

"Mbili hizi unirudishie. Zilikuwa pamoja, kwenye kimo cha kifua. Zilipita kwanza ndani yake."

Alinirudishia kwa mikono miwili. Aliwatazama majirani, mmoja mmoja, nao wakatazama chini. Kisha akasema, "Mama, tunaomba batoto baoane."

"Ziba kwanza."

Alikunja suruali, akakanyaga udongo kwa uzito wake wote, Léa akimsomea vipimo katika daftari la baba yake. Majivu aliyatia machache. Nilimwambia aanze upya, akaanza upya.

Kiraka kilikauka cheupe kidogo kuliko ukuta. Sikukipaka rangi.