Kadi ya Seva ya Maabara

Jina alilopewa na wazazi wake limo kwenye karatasi za ajira tu. Hospitali nzima, kuanzia mlinzi wa getini hadi daktari mkuu, ilimwita Bi Kadi, naye aliitika bila kununa.

Jina hilo alilitoa rejista, chumba cha majalada ya wagonjwa, alikofanya kazi miaka kumi na tisa kabla ya kompyuta kuingia. Huko kulikuwa na sheria moja: huondoi jalada rafuni mpaka uweke kadi mahali pake, imeandikwa jalada gani, nani kalichukua na tarehe gani. Majalada yalipohamishiwa kwenye kompyuta, wenzake waliomba kwenda idara nyingine. Yeye aliomba kufundishwa. Akiwa na miaka arobaini na tatu alisoma Linux, mfumo unaoendesha seva, kwa ukaidi, miwani puani, mpaka ikamkubali. Ila zile kadi hakuziacha. Kila alipogusa seva, zile kompyuta zinazotunza taarifa za hospitali, kabla ya kubadilisha kitu aliandika kwenye kadi kilivyokuwa, akaitumbukiza kadi kwenye kopo la biskuti juu ya kabati la mitambo.

Mkuu wa kitengo cha kompyuta, aliyekuja miaka mingi baadaye, mwanamume wa umri wa mwanawe wa kwanza, mwepesi wa kichwa na mwepesi zaidi wa vidole, alilicheka kopo lile. Alimwambia wazi kwamba mashine ina kumbukumbu yake, haihitaji makopo. Bi Kadi alijibu kuwa hata yeye anayo kumbukumbu yake, na haiamini pia. Wakataniana hivyo miaka sita.

Asubuhi moja, saa nne, seva ya majibu ya maabara ikajaa pomoni. Seva hiyo haikuwa na mwili wake. Ilikuwa kompyuta pepe inayoishi ndani ya kompyuta kubwa, imehamishiwa humo na Bi Kadi mwenyewe kutoka mashine kuukuu. Mkuu aliiongezea nafasi ya diski kutoka nje, kwenye ile kompyuta kubwa, kazi ya dakika mbili. Lakini Linux iliyo ndani iliendelea kuona nafasi ile ile, kwa sababu mpaka wa patisheni, yaani kile kipande cha diski kilichotengwa kwa majibu, ulikuwa haujasogezwa. Kuusogeza kunatia woga kidogo: unafuta mpaka wa zamani kabisa, kisha unachora mpya unaoanzia pale pale ulipoanzia wa kwanza na kuishia mbali zaidi. Majibu yenyewe hayaguswi. Ila ukikosea mwanzo, yapo na hayapo, maana mashine haiyaoni tena.

Mkuu akafuta. Programu ikamuuliza kipande kianzie wapi, ikapendekeza yenyewe namba 2048. Watu wa kompyuta wana ugonjwa mmoja, nao ni kubonyeza Enter, kukubali kila wanachopendekezewa. Akabonyeza, akahifadhi. Seva ikawaka, majibu hayakuonekana.

Bi Kadi alikuwa wodini, amepiga magoti anachomoa karatasi iliyonasa kwenye printa, alipomwona Mkuu mlangoni, shati limelowa jasho. Mkuu alimvuta pembeni akamweleza yote bila kujitetea, na kwa hilo Bi Kadi alimpa heshima yake. Nakala ya akiba ilikuwa ya wiki tatu nyuma. Wiki tatu za watu waliotolewa damu, wengine walisafiri siku nzima kuja kutolewa, wengine wamelala vitandani hapo hapo wakisubiri daktari ajue awape dawa gani.

"Mama, nilifuta kabla sijaandika," alisema. "Sijui ilianzia wapi."

"Umegusa kitu kingine tangu hapo?"

"Hapana. Niliogopa."

"Hapo umefanya la maana. Twende, mwanangu."

Hakukimbia. Alipanda ngazi kwa mwendo wa magoti yanayouma, akashusha kopo, akapekua kadi moja moja, Mkuu amesimama nyuma yake kama mgonjwa anayesubiri majibu yake mwenyewe. Aliipata karibu na chini, wino umefifia: seva ya maabara, patisheni ya kwanza, mwanzo 63. Mashine za zamani zilianzia hapo. Za siku hizi hazitaki hata kusikia. Kabla hajagusa chochote akachukua kadi mpya akaandika: mwanzo 2048, umewekwa na Mkuu, na tarehe. Mkuu aliutazama mwandiko ule. Akaufuta mpaka wa Mkuu, akajaribu 63; programu ikaikataa, ikisema iko nje ya mipaka. Bi Kadi akaifunga, akaifungua tena kwa mtindo wa zamani, akaandika namba yake kwa kidole kimoja, akaisoma kwa sauti, akamtaka na Mkuu aisome, ndipo akahifadhi. Akakagua, akatanua mfumo wa mafaili ujaze nafasi mpya, akafungua folda. Majibu yalikuwemo yote, hadi la mwisho la asubuhi ile.

Mkuu aliketi sakafuni. Bi Kadi hakumsema siku ile wala baadaye, na hakuna aliyelisikia jambo hilo kinywani mwake. Mtu anayeshinda namna hiyo kisha akanyamaza, huyo ni wa kuvuliwa kofia.

Mwaka uliofuata alistaafu. Siku ya mwisho, aliporudi kutoka kuwaaga wauguzi, alikuta kadi juu ya kiti chake, kwa mwandiko wa Mkuu: "Kilichoondolewa: Bi Kadi. Waliochukua: wajukuu." Akaisoma mara mbili, akamuuliza Mkuu, aliyesimama mlangoni, mbona hakuweka tarehe. Mkuu akasema mkono ulimgomea.

Bi Kadi akatoa kalamu, akaijaza tarehe mwenyewe, akaitumbukiza kadi kwenye kopo, ndipo machozi yakamtoka.