Siti ya Baba Mkwe

Muhula mzima nilisahihisha madaftari nikiwa nimesimama. Mwalimu mkuu alinisifu kikaoni, akasema afadhali angepata watatu kama mimi, watu wasiopenda kukaa kaa. Nikainamisha kichwa kama mtu mnyenyekevu. Ukweli ni kwamba nilikuwa sina cha kukalia. Makalio yangu yalikuwa yamechubuka pande zote mbili, na benchi la ofisi ya walimu lilikuwa la mbao tupu.

Chanzo kilikuwa baiskeli. Pikipiki yangu ilikufa injini wiki ya kwanza ya kufungua shule, na shule niliyopangiwa ilikuwa mbali na nyumba yetu ya upande wa Rwamgasa, mwendo wa saa moja na zaidi kwa baiskeli, barabara ya vumbi yenye mawimbi kama bati, iliyochimbwachimbwa na malori ya mawe. Baiskeli yenyewe haikuwa yangu. Ilikuwa ya baba mkwe.

Mzee huyu alikuwa akiishi kijiji kimoja upande wa Kharumwa, na tangu mkewe afariki alikuwa na kawaida ya kuja kwetu kila mwisho wa mwezi kumwona binti yake, yaani mke wangu, ambaye ni kitinda mimba wake. Alitoka kwake alfajiri akafika kwetu alasiri, na kwenye keria alikuwa amefunga mfuko wa michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, au wa karanga. Basi la abiria hakulipanda. Gari lilimtapisha tangu ujana wake, likimtoa mpaka nyongo, na alipotapika mbele za watu alikaa wiki nzima hajisikii mtu. Kwa hiyo baiskeli ile ndiyo ilikuwa njia yake ya kumfikia mwanawe.

Alipofika, wawili hao waliingia jikoni wakaongea Kisukuma chao cha ndani, na mke wangu akawa anacheka kicheko ambacho mimi, mume wake wa ndoa, sikuwahi kukipata. Mimi ni mtu wa Shinyanga mjini, Kisukuma changu ni cha kuombea maji. Nilikaa nje nikisikiliza kile kicheko, na sitaficha, nilikionea wivu kidogo.

Mwezi ule pikipiki ilipokufa, mzee alikuwa kwetu. Hakuniuliza kitu. Alimwambia binti yake, na binti yake akaniambia mimi, kwamba msimu wa kulima umeanza na yeye hatasafiri mpaka mavuno, kwa hiyo baiskeli ibaki. Akapanda basi kurudi kwake. Tulisikia baadaye kwamba alitapika mara nne njiani.

Ilibidi maneno yapitie kwa mke wangu kwa sababu mkwe na mkwe, kwa wazee wa kule, hawazungumzi ovyo. Unamsalimu shikamoo baba, unaulizia mvua, ng'ombe na mahindi, basi. Kilicho kati ya kitovu na magoti hakitajwi. Nilipokuwa mchumba niliona desturi hiyo ni nzuri, inaokoa watu na mazungumzo mengi yasiyo na maana.

Sasa siti. Ilikuwa ya ngozi, ya zamani, yenye springi mbili kubwa nyuma, nyeusi na laini kwa mafuta ya ng'ombe aliyokuwa akiipaka miaka yote. Kwa macho ilikuwa nzuri. Lakini upande wa kushoto ilikuwa imedidimia kama kiganja cha kupokelea maji, na kulia imeinuka mgongo. Ukiikalia unateleza kushoto, unajivuta kurudi, unateleza tena, na kwa kila shimo la barabara ule mgongo unakuchoma pabaya. Siku ya tatu nilianza kukojoa kwa machozi. Kuna siku nilishuka mlango wa shule sehemu zangu zote zimekufa ganzi, nikasimama nyuma ya darasa la saba kungoja habari njema.

Nilijaribu kila kitu. Nilivaa suruali mbili, nikapata joto tu. Nilifunga sweta juu ya siti kwa mpira, likahama likabaki chini ya paja moja. Nilipaka mafuta ya mgando mpaka suruali ya kazi ikatoa madoa na mke wangu akauliza nimekalia nini. Nilishusha siti, nikaipandisha, nikaiinamisha pua. Waendesha baiskeli wabeba mpunga niliokutana nao walinishauri nisimame juu ya pedeli kila baada ya hatua kadhaa, wakacheka kwamba mwalimu ana ngozi ya chaki. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na mimi nilikuwa nimekilalia kitanda cha mtu mwingine nikawalaumu kunguni.

Muhula ulipokaribia kuisha nikaipeleka kwa fundi baiskeli pale senta. Akaibonyeza, akatikisa kichwa.

"Mwalimu, hii imelala upande mmoja. Nikufungie ya sponji?"

"Hapana, ni mali ya mkwe wangu. Siwezi kumrudishia baiskeli yenye siti nyingine. Inyooshe hiyo hiyo."

Niliona nimejibu kwa busara kweli. Fundi akailoweka ngozi kwenye beseni kutwa nzima, akaigeuza juu ya gogo, akaipiga kwa nyundo ya mti mpaka kile kiganja kikatoka, akakaza nati ya mbele inayoivuta ngozi, akaianika juani. Ikakauka imenyooka, ngumu na sawa pande zote. Nikaipaka kiwi. Kesho yake nilifika shuleni nikakaa kwenye benchi kama binadamu, na mwalimu mkuu akasikitika kwamba bidii yangu imepungua.

Aliyekuwa akiikalia baiskeli ile alikuwa na mguu mfupi. Hili nililijua. Mguu wake wa kushoto ulivunjika ujanani alipoangukiwa na mkokoteni wa ng'ombe, ukaunga vibaya, na kila siku niliyomwona aliingia uani kwetu akichechemea. Ili afikie pedeli ya kushoto ilimbidi akae upande huo, na ngozi ikamfuata, mwaka baada ya mwaka, mpaka ikampata. Mimi nafundisha hesabu. Nilikuwa nimeona mguu na nimeona siti, na sikuwahi kuvijumlisha.

Mavuno yalipokaribia, pikipiki yangu ikiwa imepona, niliirudisha baiskeli mwenyewe, nikiiendesha kutwa, nimefunga pedeli mpya na breki mpya, nikiwa najiona mkwe wa mfano. Alitoka ndani, akapokea salamu, akaizunguka baiskeli. Kisha akaweka kidole gumba juu ya siti, upande wa kushoto, akabonyeza. Akabonyeza tena.

"Umeitengeneza," alisema.

"Ndiyo, baba. Ilikuwa imepinda, nimeinyoosha."

Akanitazama kwa muda kidogo. "Wabeja," akasema, ndiyo asante yao, na akaisukuma baiskeli kuiingiza ndani.

Alipokuja kwetu mara ya kwanza baada ya hapo, alifika jua linazama. Mke wangu alikuwa ameshatoka barabarani mara tatu. Alimletea kigoda, mzee akakaa, akainua paja moja, akalishusha, akainua jingine, akaegemea mbele kana kwamba anasikiliza kwa makini. Mimi nilikuwa mlangoni. Ile ngoma niliijua hatua zake zote, nilikuwa nimeicheza muhula mzima ofisini. Hapo hapo nikaelewa nilichofanya.

Ningesema siku ile, ingekuwa aibu ya dakika moja. Lakini ningesemaje? Baba, naona makalio yanakuuma, kosa ni langu? Yeye angejifunika uso na mimi ningehama mkoa. Niliwaza kumtuma mshenga aliyeniposea, maana ndiye mtu wa maneno magumu kati ya wakwe, nikajiona nikimweleza mtu mzima yule kwamba safari hii si ng'ombe wa mahari, ni matako ya mzee. Nikaacha. Ningemwambia mke wangu, lakini ningeanza kwa kukiri kwamba nimeharibu kitu cha baba yake, na nilikuwa nimeshajisifu kwake jinsi nilivyokirudisha kizuri kuliko kilivyokuwa. Basi nikanunua kava la siti lenye sponji nene, nikampa mke wangu ampelekee kama zawadi tu. Mzee alishukuru sana. Baadaye shemeji yangu alituambia analiweka kwenye benchi kanisani, na wazee wenzake wanamwonea gere.

Mficha uchi hazai, na mimi niliuficha uchi wa watu wawili. Ziara za kila mwezi zikawa za miezi miwili, kisha mitatu. Alipokuja alisema uzee, mvua, ng'ombe wamepata homa. Mke wangu hakuziamini sababu hizo. Alianza kujichunguza mwenyewe. Alikumbuka kwamba kwenye kumbukumbu ya mama yake yeye aliondoka mapema, kabla ya ndugu wote, kwa sababu mtoto wetu alikuwa na homa. "Baba hakusema kitu siku ile," aliniambia, "lakini alinitazama." Nilimwambia asijitie mawazo, wazee ndivyo walivyo. Maneno hayo niliyatamka kwa kinywa changu nikijua sababu, na nikaendelea kula.

Kisha mzee akaacha kuja kabisa. Kicheko cha jikoni kikaisha. Mke wangu alipanda basi akaenda kwao siku tatu, akarudi ametulia, hakunisimulia walichozungumza na mimi sikuuliza. Nilifurahi, nikaona yameisha.

Mzee alifariki mwaka uliopita, kwa kifua, nyumbani kwake, watoto wake wakiwa karibu. Tulikwenda tukamzika, tukakaa mpaka matanga yakaisha. Tuliporudi, majirani walikuja kutupa pole, na mmoja wao alikuwa mama anayeuza uji kwenye kona ya barabara, kabla ya kuingia mtaani kwetu. Alikaa na mke wangu kwenye mkeka, mimi nikiwa kwenye kiti karibu yao.

"Yule mzee wako alikuwa na adabu," alisema. "Kila akija alianzia kwangu. Anakuja anaikokota baiskeli, vumbi mpaka kwenye nyusi, anakunywa uji amesimama. Nikimwambia kaa, baba, anakataa. Anafuta viatu kwa kitambaa, ndipo anaipanda kumalizia hapa kwenu."

Mke wangu akamtazama. "Anaikokota? Kutoka wapi?"

"Sijui mama, lakini siku moja nilimuuliza akasema amelala njiani, kwamba safari siku hizi ni ya siku mbili. Nikamuuliza baiskeli ni mbovu? Akasema hapana, ni nzima kabisa, mkwe wangu ameitengeneza."

Yule mama alisema hivyo kwa nia njema, kunisifu mbele ya mke wangu. Mzee alichechemea siku mbili akiisukuma, kisha akaipanda hatua mia za mwisho ili mimi nimwone anafika akiwa juu yake.

Jirani alipoaga, mke wangu aliniuliza kwa nini mtu aikokote baiskeli nzima. Nikamweleza. Nilimweleza yote, siti, beseni, nyundo ya mti, kidole gumba, kigoda, kava, mshenga niliyemwaza nikamwacha. Sikuruka kitu, maana wa kuonewa haya alikuwa ameshazikwa. Alisikiliza mikono ikiwa mapajani. Nilitegemea atapiga kelele, na ningeshukuru kama angepiga.

"Ulijua tangu lini?" aliuliza.

"Tangu siku ya kwanza alipokuja nayo baada ya mimi kuinyoosha."

Akaniambia kilichotokea siku zile tatu alizokwenda kwao. Alimkuta baba yake uani anapukuchua mahindi. Akapiga magoti mbele yake, akamwambia baba, kama ni ile siku ya kumbukumbu ya mama, nisamehe, mtoto alikuwa na homa. Mzee akasema hujanikosea. Akamuuliza basi mbona huji kwangu? Mzee akasema hujanikosea, inuka. Hakuinuka. Alilia, akamshika miguu, akamwambia sitoki hapa mpaka uniambie kosa langu. Mzee aliangalia pembeni, mwisho akamwekea mkono kichwani akasema haya, nimekusamehe, nyamaza.

"Nikaondoka nikijua kumbe kweli alikuwa na kinyongo na mimi kwa ajili ya mama," alisema. "Nimemzika nikijua hivyo."

Nilijaribu kumshika mkono, akauondoa taratibu, bila hasira.

"Kwa hiyo msamaha ule ulikuwa wako, mwalimu," alisema. "Mimi ndiye niliyeulilia."