Mazoezi ya Jumapili Asubuhi

Tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa, huko kwenye vilima vya Kilwa, tulibeba vinu, kuku na mbegu. Kigango chetu, kanisa dogo la kijijini, hakikubebeka. Kilibaki kule kwenye mahame, mwendo wa saa nzima kwa miguu, na kila Jumapili baba yangu, aliyekuwa katekista, alikwenda kuongoza ibada kwa Wakatoliki wachache tuliokuwapo.

Nilikuwa darasa la saba, msichana wa miguu mirefu. Shuleni hakuna msichana aliyeniacha kwenye mita mia nane. Habari zilipofika kwamba kila shule itapeleka Lindi mkimbiaji mmoja, mwalimu wa michezo akapanga mazoezi Jumapili asubuhi.

"Shikamoo, mwalimu," nilimwambia. "Jumapili asubuhi nakuwa ibadani. Nitakuja mchana."

"Marahaba. Mchana jua kali. Chagua: mbio au kanisa."

"Sichagui, mwalimu. Vyote ni vyangu."

Akalikata jina langu palepale kwenye orodha ya wakimbiaji, kwa nguvu, hadi kalamu ikatoboa karatasi.

Nilidhani baba angenisifu. Badala yake akasema, "Mwanangu, Mungu hana haraka. Nenda kamtii mwalimu wako. Utasali jioni."

Hilo liliniuma kuliko kufutwa.

"Baba, njia ya kigangoni umenionyesha wewe. Leo unaniambia nipinde wapi?"

Jumapili alfajiri aliniamsha, kama siku zote.

Tangu hapo, ibada ikiisha, sikurudi na wenzangu. Nilikunja sketi kiunoni, nikakimbia njia yote hadi kijijini, pekupeku, changarawe zikinichoma nyayo. Wanawake waliokuwa wakiokota korosho waliniita, "We binti, unafukuzwa na simba?" Nikawaacha wacheke.

Siku ya mchujo nikaenda kusimama kwenye mstari pamoja na wasichana walioitwa.

"Wewe hukuitwa," mwalimu alisema.

"Uwanja ni wa kijiji, mwalimu. Si ndivyo tunavyofundishwa darasani?"

Watu wakaguna. Mwenyekiti wa kijiji alikuwapo, amekunja mikono, na mwalimu akamtupia jicho. Akapuliza filimbi. Nilimaliza nikiwa peke yangu, wenzangu wangali kwenye kona. Akaliandika jina langu upya, bila kunitazama.

Lindi nilikimbia vizuri hadi kona ya mwisho. Nilikuwa naongoza. Nikasikia mtu akipiga kelele nyuma yangu, na mimi, mjinga, nikageuza shingo kutazama. Wasichana watatu wakanipita. Nikawa wa nne, na wa nne hapewi hata sabuni.

Kwenye lori la kurudi mwalimu alikaa karibu nami.

"Unaona sasa? Ungekuja Jumapili, ungeshinda."

Machozi yalikuwa yananitoka, lakini sauti ilikuwapo. "Nimeshindwa kwa kugeuza shingo, mwalimu. Sikushindwa kwa kusali. Kosa langu nalijua, usinibadilishie."

Mwalimu akavuta kofia usoni, akajifanya amelala.

Wiki ile alibandika tena ratiba ukutani: mazoezi, Jumapili, saa moja asubuhi. Niliisoma yote mpaka chini. Jumapili ilipofika, saa moja ilinikuta nimeshavuka bonde, naelekea kigangoni.