Jani Nililomlisha Ng'ombe

Kwenye kikao cha wazazi huku Masama, mwalimu aliomba mchango wa mafunzo ya kuwasaidia vijana kuhisi maumivu ya wenzao na kustahimili magumu.

Nikadakia, "Sisi hayo tulifundishwa na fimbo!"

Watu wakacheka. Mjukuu wangu, kiranja, akasimama, mikono nyuma.

"Shikamoo bibi. Jirani yetu alikuletea jani la isale kukuomba msamaha. Ukamlisha ng'ombe."

Kicheko kikakatika. Mchagga hakatai isale, hata la aliyemuulia ndugu. Jirani mwenyewe, benchi la mbele, hakugeuka.

Nikatoa mchango haraka, kama mwizi anayerudisha kuku.

Nami nimechuma jani la kumpelekea. Leo siku ya tatu linanyaukia mezani, na kwake ni hatua ishirini tu.