Mwaka Mkia Alipojiandikisha

Fundi cherehani huyu hajui kutulia. Hata kitambaa kikiisha, miguu yake huendelea kukanyaga pedeli, mpaka mumewe humwambia, "Mke wangu, hiyo cherehani haiendi popote."

Kwa miaka kumi na miwili kazi yake katika matembezi ya mlimani, kilomita sitini na vilele vitatu kwa siku moja, ilikuwa kufunga njia. Alitembea nyuma ya mtu wa mwisho kabisa, akifungua tepe nyekundu zilizofungwa mitini kuonyesha njia. Ambaye hajafika kituo cha pili saa tisa, alimvua namba kifuani bila mjadala. Watu wakambandika jina la Mkia. Miaka yote hiyo aliburura miguu kwa mwendo wa wengine, huku damu ikimchemka.

Mwaka huu akasema basi. Daktari alikwisha kumwambia kwamba goti lake limebakiza mlima mmoja tu. Akajiandikisha na yeye, atembee kama watu wengine, amalize.

Alianza kwa kasi, akawapita watu kama anayefukuzwa. Kwenye kilele cha kwanza akaingiza mkono mfukoni kutafuta leso ya jasho. Akatoa utepe. Akatoa mwingine. Mfuko umejaa tele! Mikono ilikuwa imefanya kazi yake ya kila mwaka bila hata kumuuliza mwenyewe.

Ukungu ulikuwa unashuka. Nyuma yake kulikuwa na watu sabini, na tangu njia panda ya msituni hapakubaki utepe hata mmoja. Alijitukana kwa sauti. Angeendelea mbele, nani angejua? Akakaa na wazo hilo kidogo, halafu akageuka.

Alishuka akifunga tepe, akiita, akiwarudisha waliokwisha kupotea. "Asante, mama," walimwambia wakimpita, na kila asante ilimchoma.

Ndipo akapanda upya, akafika kituo cha pili saa tisa na dakika nne. Mwenye saa alikuwa shemeji yake, mdogo wa mumewe.

"Shemeji, saa hii huwa inakimbia. Wewe pita tu."

Mkia aliitazama njia ya kilele cha tatu. Miguu ilikuwa inamwasha.

"Mimi nimewatoa watu kwa dakika moja," akasema. "Nitoe."

Shemeji akasitasita. Mkia akaivua namba mwenyewe.

Ndani ya gari la waliotolewa hakujua miguu aiweke wapi. Mwanamke aliyekaa dirishani alimkazia macho.

"Si wewe uliyenitoa mwaka juzi?"

"Ndiyo mimi."

"Nilichelewa dakika mbili."

"Nakumbuka. Ulilia."

"Na hukuniambia hata pole."

Mkia alifungua mdomo amwambie sasa. Machozi yalikwisha kumtangulia.

Yule mwanamke akainuka, akampisha.

"Kaa huku dirishani," akasema. "Hapa mtu akilia haonekani."