Ngozi ya Fataki Aliyoinusuru Domitille

Saa moja asubuhi, katika ua wake mjini Bunia, Domitille ameinamia beseni la maji. Ndani imelala ngozi ya ng'ombe, kuukuu, ya miaka thelathini. Anaibonyeza kwa kidole gumba, anaguna. Bado ngumu.

Mama huyu wa miaka hamsini na miwili huwamba upya ngoma za makanisa. Mwezi ukiwa mzuri hupata ngoma nne. Lakini hii moja imemnyima raha tangu juzi.

Waumini waliibeba kichwani kutoka kwao Fataki walipokimbia vita. Sasa wanasali Bunia, chini ya turubai. Jumapili mvua ililegeza ngozi, nao wanakwaya wakaiegesha ngoma kwenye mbabula, jiko la makaa, ili ikaze. Mazoezi yakawanogea, wakaisahau! Ngozi ikapasuka karibu na ukingo.

"Mama, siye wenyewe tuliiharibu," anasema Laurent, kiongozi wa kwaya, aliyekuja kutazama. "Lakini usitie ngozi ingine, tafazali. Ile sauti ndiyo bazee bote banajua."

Kwa Domitille kuna zaidi. Ngozi hiyo iliwambwa na marehemu baba yake, Ephraïm, aliyemfundisha kazi huko Fataki. Vingine vyote vya mkono wake viliungua vitani.

"Nikiivuta vibaya, inaisha," anasema. "Ninaogopa, nisikudanganye."

Ephraïm alikuwa na mazoea yake: kila ngozi aliiachia upindo, ngozi ya ziada ya upana wa vidole vinne, chini ya ukingo. "Benzake balimucheka, eti iko naharibu ngozi bure," Domitille anasimulia.

Leo upindo huo ndio tegemeo. Ngozi imelainika. Domitille anaitandaza juu ya ngoma, anang'ang'ana nayo, anaisogeza upande mmoja hadi ufa unashuka ubavuni, na upindo wa upande wa pili unapanda juu. Ngozi inalia kwa kukazwa.

"Pole pole, Mama!"

"Weye nyamaza!"

Anapigilia kigingi cha mwisho. Imeshika.

Siku tatu inakauka kivulini. Siku ya nne Laurent anaipiga, na sauti inatoka nzito, ileile. Domitille anajifuta machozi kwa ncha ya kitenge, kisha anamgeukia mwanakwaya huyo: akiiona tena karibu na mbabula, watajuana.

Akiulizwa ana mpango gani, hataji duka wala mashine.

"Papa tulimuzika mbio, risasi zinalia. Hakuna mutu alimupigia ngoma," anasema. "Njia ya Fataki ikifunguka, nitaibeba hii mimi mwenyewe. Nitamupigia pale kwa kaburi, mpaka mikono ichoke."