Ubao Uliosoma Sifuri

Egbert alirudi Isingiro na stashahada ya kompyuta na hasira moja: mizani ya kahawa ya chama chao ilimtazama karani, ikawapa wakulima kisogo. Mkulima aliambiwa kilo zake, hakuziona. Watu walinung'unika majumbani, na mbele ya mizani wakanyamaza.

Akaapa kulikomesha jambo hilo. Aliunda ubao wa tarakimu nyekundu, akautundika juu ya mlango wa ghala, akauunganisha kwa kebo na kompyuta yake. Kompyuta ingesoma mizani, kisha programu aliyoiandika kwa Python, lugha ya kompyuta, ingepeleka kwenye ubao baiti moja yenye thamani ya kilo zile, kila mtu azione.

Kazi ikawa kuujaribu. Pale chamani hakuna kitu kinachopanda mizani kabla mchungaji hajauombea msimu. Hata ukiweka jiwe, wazee watasema umetia nuksi. Egbert akaheshimu, akajaribu mizani ikiwa tupu. Ubao ukaonyesha sifuri. Safi kabisa, akajisemea.

Siku ya ufunguzi, baada ya "Amina", gunia la kwanza lilikuwa la Mukabera, mjane mzee aliyemtetea Egbert katika kila kikao kilichojadili ubao.

"Shikamoo, bibi. Leo utaziona kilo zako mwenyewe."

"Marahaba, mjukuu wangu. Macho nimeyaosha."

Gunia likapanda. Ubao ukabaki na sifuri.

"Bibi kaleta upepo!" mtu akapaza sauti kutoka nyuma.

"Upepo wa daraja la kwanza!" mwingine akadakia.

Wakalishusha gunia, wakalipandisha tena. Sifuri. Mukabera akajifunika uso kwa khanga.

Athanasi, katibu wa chama, hakucheka. "Karani, wewe unasoma ngapi?"

"Arobaini na nane, mzee."

"Mmesikia. Kijana, teremsha huo ubao wako."

Hakuna aliyepinga. Hilo lilimuuma Egbert kuliko vicheko.

Jioni akaliona kosa. Aliandika bytes(kilo) badala ya bytes([kilo]). Bila mabano yale ya mraba, Python haitumi arobaini na nane. Inatuma sifuri arobaini na nane mfululizo. Na mizani ikiwa tupu, programu haitumi hata sifuri moja, kwa hiyo siku ya jaribio ubao ulionyesha tu sifuri unayoanza nayo kila unapowashwa. Akasahihisha, na 48 ikawaka chumbani kwake, nyekundu, bila wa kuitazama.

"Msimu ujao tutaona," Athanasi alimjibu mlangoni alipokwenda kuomba ubao urudishwe, hata kiti hakumpa.

Jumatatu akaenda kibanjani kwa Mukabera, shamba lililozunguka nyumba yake, akamkuta akigeuza kahawa juani.

"Bibi, kosa lilikuwa langu, si la gunia lako. Nimeshalirekebisha. Ukisema neno moja kikaoni, wataurudisha ubao."

Mukabera hakuinua kichwa. "Jana wamenicheka mpaka kanisani, mjukuu wangu. Niache niambiwe tu kilo zangu."